Hodi Nyuma ya Shuka

Nimeona sinema nyingi maishani mwangu, nyingine nikichungulia kwenye tundu la bati, nyingine nikiwa mimi mwenyewe ndiye ninayezibeba begani kutoka mji mpaka mji. Iliyozipita zote haikuwa na sauti hata kidogo.

Mashine ya kuonyeshea ilikuwa ya Haidar, mwenzangu wa kazi. Aliipata kwenye shamba moja la mkonge upande wa Muheza, lilipofungwa na wenyewe wakaondoka. Zamani mashine ile ndiyo iliyokuwa ikituonyesha sinema sisi watoto wa manamba, kila mwisho wa mwezi, tumekaa chini kwenye majani. Taa yake kubwa ilikuwa bado nzima. Lakini ndani kuna balbu nyingine, ndogo kama ncha ya kidole gumba, na kazi yake ni kuisoma sauti iliyopigwa pembeni mwa mkanda. Hiyo ilikuwa imeungua. Haidar aliitafuta Tanga nzima, akaifuata Dar es Salaam, akaambiwa asubiri. Miaka ile kila kitu uliambiwa usubiri. Sabuni, subiri. Sukari, subiri. Kwa balbu ya sauti walicheka kwanza, ndipo wakamwambia asubiri.

Basi tulikuwa na picha bila sauti, na picha yenyewe moja tu. Hata jina haikuwa nalo, maana mwanzo wa mkanda ulikatika. Ni habari ya mjane wa nchi za baridi, anaishi peke yake kando ya ziwa alimozama mumewe. Akitoka jioni anakutana na watu njiani: mzee mwenye taa, mtoto aliyelowa maji, mwanamke anayempa mgongo. Wanamfumbulia midomo kama wanamwita. Akigeuka, hawapo. Akirudi ndani, anaweka sikio ukutani na uso unambadilika. Mwishoni mlango unagongwa, anakwenda kuufungua. Lugha yao hatukuijua, na hata tungeijua, hatukuisikia.

Mkalimani nilikuwa mimi, Yona, darasa la tatu la misheni, mengine nimeyaokota kwenye madarasa ya ngumbaro na barabarani. Nilisimama pembeni ya shuka jeupe tulilolitundika kupokea picha, nikasema: "Sasa mama anatoka nje. Sasa anamwona mzee. Sasa anaogopa." Pale Muheza mtu mmoja akapaza sauti gizani, "We bwana, unatusimulia sinema au unatangaza msiba?"

Mwingine akamjibu, "Msiba ungekuwa na wali."

Tukafunga virago. Njiani Haidar akasema mashine ataipeleka kwa wakata vyuma, angalau watengeneze majembe.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Mabawa, Tanga mjini, kwenye nyumba ambayo kuta za vyumba hazifiki juu. Zinaishia kichwani, kisha ni wazi mpaka kwenye bati, hata mtu wa chumba cha mwisho akipiga chafya, wa chumba cha kwanza anamwombea heri. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Hamad, Mpemba wa Wete, mtu wa sala tano na maneno machache. Biashara ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuachiwa, naye alikuwa akivuka bahari na kurudi na khanga na vitenge. Nyumba alimwachia dada yake, Tabia, aliyekuwa ameachika na kuja kukaa kwake.

Siku moja mchana nimelala na homa. Upande wa pili namsikia mzee anakohoa, anamgombeza muuza samaki kwamba samaki wake kafa tangu enzi za Mjerumani. Muuza samaki anajibu kwa ukali. Mtoto analia anataka kichwa cha samaki. Nikasema moyoni, Hamad kapata wageni, na mzee mtu mzima yumo, si adabu nikalala bila kumwamkia. Nikajikokota mpaka mlangoni pao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekukauka hivyo, homa?"

"Homa, mzee."

"Pole. Kunywa uji wa pilipili manga, usimwamini mganga."

Kisha ndani wanawake wakaangua kicheko. Mlango ukafunguliwa, nikamwona Tuhfa, mke wa Haidar, anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Wamekaa mkekani yeye na Tabia wanasuka ukili. Mzee hakuwepo. Muuza samaki hakuwepo. Mtoto hakuwepo.

"Umwamkie tena," Tuhfa akaniambia, "mzee kapenda adabu yako."

Tabia aliinama anasuka, kama si yeye. Mwanamke mwembamba, wa miaka kama thelathini, na sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa. Nilisimama pale na homa yangu nikimtazama. Nimetembea kutoka Lushoto mpaka Lindi, nimewaona wacheza mazingaombwe, nimewaona waliokula moto. Sijapata kuona mtu aliyekuwa na watu wengi ndani yake namna ile, na kila mmoja mzima, ana kifua chake na meno yake.

Jioni ile ile Tuhfa akamweleza mumewe, na siku ya pili Haidar akaja na ombi: Tabia awasemee watu wa kwenye picha.

"Mie niseme mbele ya wanaume?" Tabia akamjibu. "Kaka akisikia, meli inayofuata ananirudisha Wete."

"Wete si kwenu?"

"Kwetu, ndiyo. Nimekaa huko kwa shangazi nilipoachika. Nachambua karafuu, naambiwa mtalaka hasemi kwa sauti. Nikicheka naambiwa nichekee kwa ndani. Hapa Mabawa angalau kaka akisafiri nacheka kwa nje."

Tuhfa ndiye aliyepata njia. Tabia atakaa nyuma ya shuka, upande ambao picha inaonekana kinyume, kulia kwake kushoto. Ataingia kabla ya watu na kutoka baada yao, Tuhfa ubavuni mwake, jina lake halitatajwa. Na Hamad ataambiwa kwamba wanakwenda Pangani kuuza vitumbua. "Na tutavipika," Tuhfa akasema, "ili usiwe uongo."

Tabia aliwaza siku kadhaa. Kisha akauliza kitu kimoja tu: kama tunaweza kumpatia mtungi mkavu, wenye mdomo mpana.

Pangani tulipewa banda la mbata, la kukaushia nazi, lililokuwa halina mbata. Tukaziba madirisha kwa magunia, jenereta tukaiweka mbali nyuma ya ukuta, waya mrefu. Watu wakaingia baada ya sala ya alasiri, wanawake huku, wanaume huku, kamba katikati. Mimi nikawekwa mlangoni, kazi yangu ya ukalimani imekwisha na wala sikuisikitikia.

Picha ikaanza, na Tabia hakusema kitu. Mjane anatembea, hakuna kitu. Anachota maji, hakuna kitu. Watu wakaanza kukohoa, mmoja akapiga mluzi, nami nikasema basi, kaingiwa na woga. Kumbe alikuwa anawasubiri wachoke. Mzee mwenye taa alipotokea njiani, banda zima likasikia sauti ya mzee, ya kawaida, ya mtu yeyote anayetoka msikitini:

"Mwanangu, mbona umechelewa?"

Hakuirefusha, hakuitetemesha. Mtu anauliza tu. Na ndiyo maana ngozi ilinisisimka, maana yule mjane alikuwa hamjui, na sisi sote tulikuwa tunamjua.

Ukuta uliposema, alisemea ndani ya mtungi. Maneno hukuyashika, uliyashika nusu, ukajikuta umeinamisha kichwa kusikiliza kama mjane mwenyewe. Mtoto aliyelowa alilia kwa mbali, kisha karibu, na Tabia hakuwa amesogea hata hatua. Nilichungulia nikamwona: macho kwenye shuka, mkono mmoja kwenye mtungi, mwingine umeshika ushungi wake mdomoni kuiziba sauti anavyotaka.

Ikafika pale mlango unapogongwa. Mimi ningesema, "Sasa mlango unagongwa." Kwenye picha mjane anainua kichwa kutoka kwenye kushona kwake. Nyuma ya shuka ikatoka sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyechoka na safari:

"Hodi."

Na banda zima, wanaume kwa wanawake, wakaitikia: "Karibu."

Waliitikia kwa sababu wamelelewa. Mtoto wa pwani anaijibu hodi kabla hajajua nani anapiga. Neno likishatoka ndipo kila mtu akakumbuka aliyofundishwa na bibi yake, kwamba sauti usiyemwona mwenyewe usiiitikie upesi, iache irudie hata mara ya tatu, maana si kila apigaye hodi ana damu na nyama. Kisha bibi mmoja upande wa wanawake akasema polepole:

"Mmeshamkaribisha."

Ikawa vurugu. Benchi likaanguka, mtu akakanyaga sinia la vitumbua.

"Nani kasema karibu?"

"Si wewe hapo."

"Mimi nimesema kwa chini."

"Kwa chini ndiko anakosikia."

Tabia akaacha fujo ipungue, akapiga ya pili. Safari hii hakuna aliyepumua. Ya tatu, mjane akafungua mlango, na nje hapana mtu, ila maji kizingitini. Hapo ndipo mkanda unapokwisha.

Siku ya pili walirudi wale wale na jamaa zao. Wakajifunza. Ilipokaribia hodi ungeona banda zima limejifunika midomo kwa viganja, mama anamziba mwanawe, mume anamziba mkewe, mke anamtoa mkono na kumziba yeye. Watu walifunga safari kutoka vijiji vya ng'ambo, wakavuka kwa kivuko waje wanyamaze pamoja. Hawakuiita tena sinema ya mjane, waliiita Hodi. Wakabishana ni nani anayesema. Wengine walisema Haidar ana jini kwenye sanduku la mashine, analilisha ubani. Haidar hakukana, aliona ni heshima.

Tabia alikuwa anabadilika. Njiani kurudi Mabawa alicheka kwa nje na kuniuliza, "Bwana Yona, yule mtoto leo alilia mapema, au?" Nami nilikuwa sina la kumfundisha, namwambia tu kwamba nimeogopa, naye anaridhika.

Safari ya nne au ya tano ya Pangani, nipo mlangoni, watu wanaingia, nikamwona Hamad. Alikuwa na furushi la vitenge begani. Kaja kuuza, kasikia habari ya Hodi, kaingia kama mtu mwingine yeyote.

"Yona," akasema. "Kumbe nawe upo humu."

"Nipo, Bwana Hamad. Picha yenyewe si nzuri sana."

"Basi watu hawa wote wanatafuta nini?"

Akapita, akakaa. Nikazunguka nyuma ya shuka nikamnong'oneza Tabia. Tuhfa akashika kichwa. Tabia akaushika mtungi wake.

"Nitokee nyuma?" akauliza.

"Ukitoka hatakuona," nikamwambia. "Nitasimulia mimi."

Akanitazama, na nadhani aliikumbuka Muheza, maana nilishamsimulia. "Watakupiga," akasema. Kisha akasema, "Yule anayepiga hodi, Bwana Yona, ni marehemu baba yetu. Sijui sauti nyingine ya kuweka pale. Nimejaribu."

"Basi leo ibadili."

"Nikiibadili itakuwa mtu gani?"

Taa ikawaka kwenye shuka, nikalazimika kurudi mlangoni. Sitasahau kazi aliyoifanya siku ile. Mtu mwingine angesema haraka haraka amalize. Yeye aliwasubirisha watu kupita siku zote. Mzee, mtoto, ukuta, kila mmoja alikuja kwa wakati wake. Mimi nilikuwa namtazama Hamad. Mwanzoni alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepotezewa muda. Ukuta uliposema, uso ukamlegea. Na ilipokuja hodi, ile ya upole, ya mtu aliyechoka, Hamad aliinuka nusu kutoka kwenye benchi, mkono mbele, kama mtoto anayekimbilia kumpokea mtu mzigo. Kisha akakumbuka alipo, akakaa. Viganja viwili mdomoni, kama wenzake.

Watu walipokwisha kutoka alinifuata.

"Hodi ile ni ya baba," akaniambia. "Alikuwa akirudi shamba, anapiga hivyo hivyo. Duniani wamebaki wawili wanaoijua. Mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi."

Tabia akatoka mwenyewe nyuma ya shuka, Tuhfa nyuma yake.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Vitumbua vimeuzwa?"

"Vimeuzwa."

"Alhamdulillahi." Akamgeukia Haidar. "Mashine yako ina ugonjwa gani hata imsemeze dada yangu?"

Haidar akamweleza habari ya balbu. Hamad akaomba aione. Akaitia mfukoni ile iliyoungua. "Mombasa zipo," akasema. "Nitakuleteeni. Ikifika, sinema iseme yenyewe, na Tabia mwezi ukiandama arudi Wete, asaidie shangazi. Mpaka hapo pumzikeni." Wala hakupandisha sauti. Tabia akajibu, "Sawa, kaka," kwa ile sauti yake ndogo, na nikaona tumempoteza.

Balbu ilikuja kweli. Hamad aliivusha mpakani ndani ya soksi yake. Haidar akaipachika, akaijaribu, ikawaka. Tukachagua kijiji cha Ushongo, kwenye ghala la ushirika lililokuwa tupu, na Hamad akasema atakuja kuhakikisha. Tabia alikuja pia, kwa vitumbua, safari hii vitumbua tu. Alikaa na Tuhfa nje ya mlango, sinia mbele yao, ndoo ya unga pembeni. Wete ilikuwa inamsubiri wiki hiyo.

Sinema ikasema. Jamani, ndiyo kwanza tuisikie. Kulikuwa na vinanda, vingi, vinakwambia ogopa kabla hujaona la kuogopa. Mjane alikuwa na kisauti chembamba cha mtu mwenye mafua. Yule mzee wa taa alicheka kama fisi wa kwenye hadithi za watoto, na watoto wenyewe wakacheka naye. Ukuta ulivuma tu kama nyuki mkubwa kaingia kwenye debe. Watu walivumilia, maana walijua kinachokuja. Ikakaribia pale. Viganja vikapanda midomoni, ghala likawa kimya kama maji ya kisimani. Mjane akainua kichwa.

Ko, ko, ko. Mlango. Basi.

Watu wakakaa na viganja midomoni wakisubiri. Mjane akafungua, maji kizingitini, mkanda ukaisha ukawa unapigapiga kwenye gurudumu.

"Haidar," mtu akaita. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe nani?"

"Mpiga hodi. Tumetoka Kipumbwi kwa miguu kuja kumsikia huyo mgonga mbao?"

"Jini lake limemkimbia," mwingine akasema. "Kalinyima ubani."

Wakacheka, lakini hawakuinuka. Mwanamke mmoja akasema kwa hasira kwamba kamleta mama yake mgonjwa ili amsikie yule mtu wa upole, na sasa amwambie nini. Hamad alikuwa amekaa mbele, mgongo umenyooka. Nilidhani ataondoka. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye mashine.

"Haidar. Itoe."

"Niitoe nini?"

"Balbu."

"Bwana Hamad, umeileta kwa soksi."

"Najua nilivyoileta. Itoe, na mkanda uurudishe mwanzo."

Haidar akaichomoa kwa kitambaa, ilikuwa ya moto. Hamad akaenda mlangoni aliko dada yake. Alisimama mbele yake, kama mtu aliyesahau alilofuata.

"Mtungi umekuja nao?"

"Hapana, kaka. Kwa nini nije nao?"

"Utatumia nini?"

Tuhfa alishamwaga unga wa vitumbua mchangani, anaifuta ndoo kwa upindo wa khanga. Tabia aliitazama ndoo, akamtazama kaka yake.

"Na hawa wanaume?"

"Shuka lipo," Hamad akasema. "Na shangazi nitamwandikia kwamba nyumba ya Mabawa haina mtu wa kuiangalia. Ni kweli vilevile." Kisha, kama anamwelekeza fundi, "Ile hodi yako ina kosa moja. Baba alikuwa anatua mzigo kwanza. Unasikia mzigo, halafu unamsikia yeye."

Tabia akainuka na ndoo yake.

Nimesema nimeona sinema nyingi. Ile ya Ushongo, jua bado lipo nje, magunia yanavuja mwanga, na sauti inatoka kwenye ndoo yenye harufu ya iliki, ndiyo niliyoibeba mpaka leo kila nilikopita. Mzee aliuliza mbona umechelewa, na hakuna aliyecheka. Mjane akainua kichwa. Nyuma ya shuka kitu kizito kikatua chini, taratibu. Mtu akashusha pumzi.

"Hodi."

Kimya. Watu wote, viganja midomoni.

"Hodi."

Kimya. Yule mama mgonjwa kafumba macho, anatabasamu.

"Hodi."

Na kutoka benchi la mbele Hamad, mikono magotini, akajibu kwa sauti yake kamili, kama yuko ukumbini kwao:

"Karibu, baba. Karibu ndani."

Ghala likalipuka. Mtu wa Kipumbwi akampiga Hamad begani kwa kofia. "Wewe mzee, kwenu hamkufundishwa? Tumenyamaza wote, wewe unatukaribishia?"

"Samahani," Hamad akasema.

"Samahani inamrudisha?"

Nyuma ya shuka nikasikia mwanamke anacheka, kwa nje.